Mgeni Asiyekaa Kiti cha Mbele

Babu yangu alizungumza dakika 20 nzima siku ile, na kompyuta haikusikia hata neno moja.

Alikuwa amekaa barazani kwenye kitanda cha kamba, kofia kichwani, na juu ya kofia nimemvisha hedifoni yenye kijimkono cha maikrofoni mbele ya mdomo. Watoto wa jirani walijipanga ukutani wakicheka, wakisema babu kawa rubani. Yeye hakuwajali. Alikuwa ananitajia njia ya kutoka Songo Songo kwenda Fanjove wakati wa kusi, mwamba mmoja baada ya mwingine, na mimi natikisa kichwa kama mwandishi wa habari wa redioni. Alipomaliza nikabonyeza ili tusikilize. Kimya. Mstari wa sauti kwenye kioo umelala chali, kama bahari ya maleleji.

"Mke wangu," akasema babu, maana kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, "mbona huyo jamaa yako kimya?"

"Subiri kidogo, babu."

"Mimi nasubiri. Ila hii sauti ndiyo sijui kama inasubiri."

Hapo ndugu msomaji nikuambie jambo lililokuwepo. Koo la babu lilikuwa limeanza kukwama miezi mingi nyuma. Kwanza tulisema mafua, kisha tukasema tumbaku, kisha tukaacha kusema. Daktari wa Dar es Salaam alishampangia siku ya kupasuliwa, na alitueleza waziwazi bila kuzunguka: uhai tutaulinda, sauti hatuwezi kuahidi. Mimi niliposhuka kisiwani zilikuwa zimebaki siku 9 kabla ya safari.

Utaniuliza, kwa nini usimrekodi kwa simu? Nilishamrekodi. Mwaka uliotangulia nilijaza saa nzima ya maneno yake kwenye simu yangu nzuri, nikaitia mfukoni, nikashuka mashuani. Na kwetu kushuka mashuani ni kuingia majini, viatu mkononi, mzigo kichwani. Wimbi likanipiga, mimi nikasimama, simu haikusimama. Tangu hapo natumia kitochi. Kilichobaki ni laptopu yangu kuukuu niliyonunua kwa fundi Mbagala, ambayo nayo maikrofoni yake ya ndani ilishakufa. Fundi aliifungua akanionyesha kutu ya kijani. "Hii imekula chumvi, dada," akasema, na mimi nikaona haya kana kwamba ameniambia nanuka samaki.

Basi nikanunua Kariakoo kile kidude kidogo cha USB, kinafanana na flashi, kina matundu mawili nyuma: la rangi ya waridi la kusemea na la kijani la kusikilizia. Hedifoni ilitoka kwenye intaneti kafe moja iliyofungwa, mwenye nayo akaniachia kwa bei ya soda. Nikajiona nimekamilika. Nikapanda basi la kusini, nikavuka Rufiji kwenye daraja la Mkapa, nikashuka Nangurukuru usiku, asubuhi nikawa Kivinje nangoja mashua.

* * *

Watu wengi mjini wanalijua jina la Songo Songo kwa sababu ya gesi. Iligunduliwa mwaka 1974, na ilipofika 2004 ndipo ikaanza kupita kwenye bomba, chini ya bahari kisha nchi kavu, zaidi ya kilomita 200 mpaka Ubungo, ikageuzwa umeme. Nilipokuwa nasoma Dar nikiwasha taa chumbani nilikuwa nawaambia wenzangu, "Huo ni upepo wa kwetu." Wakicheka. Lakini nilikuwa najivuna kweli.

Babu yeye gesi haimpi hadithi. Anasema ilikuwepo chini miaka yote na hakuna aliyeiona, sasa ya nini kujisifu? Vyake yeye viko juu. Alikuwa nahodha tangu enzi za tanga, kabla mashine hazijawa nyingi. Anajua wapi fungu linatokeza maji yakipwa na wapi halitokezi lakini linakungoja. Siku hizi vijana wanashika majira kwa simu. Babu alishika kwa alama: mti fulani ukiukalisha juu ya pembe fulani ya kisiwa, na nyuma yako mnara wa taa wa Fanjove ukae mahali pake, basi hapo tupa nanga, chini yako kuna changu. Ukisogea hatua ishirini tu, unavua mchanga.

Alama hizo hazijaandikwa popote. Na baadhi ya miti yenyewe ilishaanguka. Babu anasema, "Mti umeanguka, lakini mimi nauona." Sasa fikiri mwenyewe. Mti haupo, anayeuona ni mtu mmoja, na mtu huyo anapelekwa kupasuliwa koo.

Ndiyo maana nilipoona ule mstari umelala chali nilitoka nje nikaenda kukaa nyuma ya nyumba, penye magamba ya kombe. Nilitaka kulia nikashindwa. Bibi akaniona, akaniletea kikombe cha uji, hakuniuliza kitu.

* * *

Laptopu yangu haitumii Windows. Inatumia Ubuntu, moja ya zile Linux za bure ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzifungua aone ndani. Niliiweka si kwa sababu ya siasa, ni kwa sababu mashine ilikuwa nzee na virusi vya flashi za dukani vilikuwa vinaiua. Jina lenyewe, ubuntu, ni utu wetu kwa lugha za kusini, basi nikasema huyu ni ndugu. Lakini ndugu naye ana vituko vyake. Kwenye boksi la kile kidude mlikuwa na kisahani kidogo cha draiva, kimeandikwa Windows tu. Wadogo zangu wakakitoboa, wakakitia uzi, kikawa kinazunguka na kumetameta uani.

Usiku ule nikakaa nayo, mwanga wa kioo unavuta wadudu. Mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka na bando langu limebaki sauti tu, kwa hiyo wa kumuuliza sikuwa naye. Nilikuwa na daftari nililokuwa naandika amri kila nilipomwona fundi akitumia. Nikafungua lile dirisha jeusi lisilo na picha. Nikaandika lsusb, yaani nionyeshe wote waliochomekwa. Ikatoka orodha, na katikati yake jina C-Media Electronics. Ala! Kumbe mgeni keshapiga hodi na keshaandikwa kitabuni.

Baadaye nilikuja kuelewa kwa nini hakuhitaji kile kisahani. Tangu mwaka 1998 kuna kanuni moja ya vifaa vya sauti vya USB. Kifaa kinachoifuata kinajitambulisha chenyewe: mimi ni maikrofoni, nina mkondo mmoja, mwendo wangu ni huu. Mfumo unaoijua lugha hiyo hauulizi nani kakutengeneza. Ni kama salamu. Ukisema hodi vizuri, mlango unafunguliwa hata kama hatujui ukoo wako.

Basi tatizo halikuwa mlango. Nikaandika arecord -l, nionyeshe wanaoweza kurekodi. Zikatoka kadi mbili. Kadi namba 0 ni ya ndani, ile iliyokula chumvi. Kadi namba 1 ni kidude changu. Na programu yangu, kwa kuwa sikuiambia kitu, ilikuwa inamsikiliza wa kwanza. Babu alizungumza dakika 20 na yule asiyesikia, na anayesikia kakaa pembeni kimya kwa sababu hajaitwa.

Nikazidi kupekua. Kwenye mafaili ya mfumo kuna moja linaitwa alsa-base.conf, na ndani yake nikakuta mstari huu:

options snd-usb-audio index=-2

Maana yake kwa kifupi: sauti ya USB isijipe namba 0. Waliouandika hawakuwa wabaya. Fikiri umechomeka kamera yenye kijimaikrofoni, mara ikajikalisha mbele na spika zako zote zikanyamaza. Ndipo wakaweka sheria kwamba mgeni akaribishwe, lakini kiti cha mbele aachiwe mwenyeji. Sheria nzuri, isipokuwa siku ambayo mwenyeji amekufa na hakuna aliyewaambia.

Hapo nilicheka peke yangu. Niliwaza miaka yangu ya Dar, nimekaa pembeni kila mahali na daftari langu la hadithi, nangoja mtu aniite. Lakini haya si mahali pake, turudi kwenye kazi.

Sikuugusa ule mstari. Kuna njia ya kumwita mgeni kwa jina lake bila kubadili sheria ya nyumba. Nikaandika:

arecord -D hw:1,0 -f cd jaribio.wav

Yaani, msikilize namba 1, kwa ubora wa CD. Ikanijibu kwa hasira: Channels count non available. Nikarudia mara nne, kama mtu anayesukuma mlango ulioandikwa vuta. Kumbe ubora wa CD unadai mikondo miwili, wa kulia na wa kushoto, na kile kidude cha bei rahisi kina sikio moja tu. Nilikuwa namdai asichonacho. Dawa yake ni herufi nne. Badala ya hw unaandika plughw, na hapo mfumo wenyewe unafanya udalali katikati: unachukua sikio moja unalifanya mawili. Nikaandika. Kimya, haikunijibu hasira. Nikasema "moja, mbili, tatu". Nikasikiliza.

Mstari haukulala tena, ila ulikuwa unapumua kwa shida, kama mtu anayesema kutoka kisimani.

Ilikuwa saa nane za usiku. Nikalala.

* * *

Asubuhi babu alinikuta palepale. Nikamwonyesha programu inayoitwa alsamixer, ambayo inachora milingoti kwenye dirisha jeusi, kila mlingoti ni nguvu ya sauti. Kwanza ubonyeze F6 umchague mgeni, maana hata hapa inakuonyesha mwenyeji. Kisha F4 uone upande wa kurekodi. Mlingoti wa maikrofoni ulikuwa chini kabisa. Nikaupandisha, nikabonyeza kitufe cha nafasi, likatokea neno jekundu: CAPTURE.

"Hilo linasemaje?" akauliza babu.

"Linasema kamata."

"Basi ikamate, mke wangu, tumechelewa."

Tukajaribu. Sauti ikaja! Sauti ya babu, na mikwaruzo yake, na jogoo wa jirani. Ila chini yake ulikuwepo mngurumo, mmmm, haukati. Nikatafuta weee. Nikazima hiki, nikahamisha kile. Ni mdogo wangu wa darasa la tano aliyeng'oa waya wa chaji ukutani kwa bahati mbaya, akitaka kuchaji kitochi, na mngurumo ukakatika palepale. Ulikuwa umeme wenyewe, hetzi 50, unaingia kwenye kidude kupitia chaja yangu mbovu. Nikawaza, hata gesi yetu ilitaka kusikika. Samahani, leo si zamu yako.

Lakini bila chaja betri yangu ilikuwa na dakika 45 tu. Kisha ichajiwe saa mbili. Kwa hiyo mpango ukawa huo: dakika 40 asubuhi, dakika 40 jioni, na babu mwenyewe alisema ni sawa na maji, yana kujaa na kupwa, huwezi kuvua mchana kutwa.

Kabla hatujaanza aliniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Hivi mashine hii aliifundisha nani kusikia?"

Nikamweleza ninavyojua. Kwamba Linux ilianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akaiachia watu waichukue bure. Kwamba sehemu ya sauti, inayoitwa ALSA, ilianzishwa mwaka 1998 na kijana wa Ucheki, Jaroslav Kysela, na mwanzo wake ulikuwa programu ya kuendeshea kadi ya aina moja tu ya sauti. Wengine wakaongeza zao, kila mtu na kadi yake, mpaka ikawa kubwa na mwishoni mwa 2003 ikaingia rasmi kwenye kiini cha mfumo. Nikamwambia hata sisi tulikuwemo: mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana na Waswidi wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia inayosema Kiswahili. Mwaka uleule gesi ilipofika Ubungo.

Babu akafikiri. "Kwa hiyo kila mtu alileta mwamba anaoujua."

"Ndiyo, babu."

"Na hawakudaiana?"

"Hawakudaiana."

"Haya. Mimi naleta yangu."

Akaanza. Na sijui niseme vipi, hakuanza kama siku ile ya dakika 20. Siku ile alikuwa anatoa orodha. Safari hii alianza na ndugu yake, ambaye sikuwahi kusikia kama alikuwepo, aliyezama upande wa Okuza siku ya matlai kwa sababu alikosea alama moja. Alama ileile babu aliyoitaja kwanza mara ya kwanza, haraka haraka, akapita. Sasa alisimama hapo. Akaeleza mti ulivyokuwa, nani aliukata, na kwa nini tangu hapo lazima uhesabu mawimbi badala ya kuangalia mti. Bibi aliacha kupepeta mchele. Nilitazama ule mstari ukipanda na kushuka na nikaogopa kumeza mate.

Kama ile rekodi ya kwanza ingekamata, ningefunga laptopu nikaondoka na orodha. Nalisema hili kwa aibu.

* * *

Tulirekodi siku 7. Dakika moja ya ubora ule inakula karibu megabaiti 10, kwa hiyo kikao kimoja ni kama megabaiti 400. Nilinunua flashi mbili. Moja imebaki kisiwani kwenye kopo la maziwa lenye mchele, moja niko nayo Dar. Simu moja majini inatosha kumfundisha mtu.

Tunajifunza shuleni kwamba Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na akaisifu. Mimi nilidhani aliandika mwenyewe akiwa ameegemea ukuta wa Husuni Kubwa. Sivyo. Alirudi kwao Moroko, na miaka mingi baadaye akakaa akasimulia, na mtu mwingine, Ibn Juzayy, ndiye aliyeandika. Kitabu kilimalizika 1355. Hata yeye alihitaji mtu wa kubonyeza CAPTURE. Tunaotaka kuandika huwa tunawaza kuwa Ibn Battuta tu. Nafasi ya Ibn Juzayy iko wazi, na haina foleni.

Babu alipasuliwa. Yuko hai, alhamdulillahi. Sauti haikurudi. Anachosema sasa ni pumzi yenye maneno ndani yake, na ukitaka kumsikia unainama mpaka karibu na kofia yake.

Nilipokwenda kumwona kisiwani nilimwekea rekodi asikilize. Alivaa hedifoni mwenyewe safari hii, bila kuambiwa. Alisikiliza kikao chote cha kwanza macho yamefumbwa. Mimi nilimtazama uso nikitafuta huzuni, maana niliitegemea, na nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumliwaza. Akafumbua macho, akanivuta kwa mkono, akaninong'oneza:

"Nimekosea."

"Umekosea nini, babu?"

"Pale pa Okuza. Nimesema maji yakijaa. Ni yakipwa. Mtu atakufa."

Nikachomeka kidude. F6, F4, nikapandisha mlingoti mpaka juu kabisa, nikasogeza ule mkono wa maikrofoni ukagusa midomo yake. Nikang'oa chaja ukutani. Bibi akawafukuza kuku. Kisha nikaandika ile amri, plughw na yote, nikamwonyesha kwa kidole kwamba tayari.

Rekodi hiyo ni ya dakika moja na nusu. Ukiisikiliza kwenye spika za laptopu hutaambulia kitu. Vaa hedifoni, kaa mahali pasipo na gari, na usikilize yakipwa.